Milimita Saba Kando

Jumatatu, 3 Machi

Leo kaka yangu ameniibia mchana kweupe, na mimi nimesimama nimeshika krenki mkononi, mdomo wazi.

Alikuja Injinia wa kiwanda cha pampu, yule mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Kaka akamsimamisha mita tatu kutoka kwenye mashine yangu. Akamwambia ana wazo la kuipa injini nguvu zaidi kwa mafuta yaleyale. Amelifikiria miaka mingi, anasema. Miaka mingi! Kitu pekee alichofikiria miaka mingi ni rangi ya geti, na mpaka leo halijapakwa.

Wazo ni langu. Nina miaka kumi na moja nalo. Ngoja niliandike hapa, walau daftari moja lijue.

Ukipanda baiskeli, pedali ikiwa juu kabisa, hata uisimamie kwa uzito wako wote haizunguki. Mpaka ipite kidogo. Injini ni hivyohivyo. Moto unawaka pistoni ikiwa juu, presha iko kileleni, na hapohapo krenki, ndiyo pedali yake, imesimama wima, haina pa kushikwa izungushwe. Presha inaishia kukandamiza beringi na kuisukuma pistoni ubavuni. Krenki ikishainama vizuri, presha nayo imeshapungua. Mimi nasaga krenki kila siku, naona zinakoliwa: palepale. Nikajiuliza, kwani silinda lazima ikae juu ya krenki katikati kabisa? Ikisogezwa kando milimita saba, konrodi, ule mkono wa kati ya pistoni na krenki, itashuka karibu imenyooka wakati ule wa moto. Nguvu itaingia kwenye mzunguko badala ya ukutani. Sisemi ni mimi wa kwanza duniani. Huko kwa wakubwa pengine wameshafanya. Lakini kwenye hizi injini ndogo za pampu sijaona, na hapa kwetu ni mimi.

Nilitengeneza mfano kwa ubao wa kukatia mboga na spoku ya baiskeli. Kaka aliuona. Akauliza mboga sasa nitakatia wapi.

Marehemu baba alitufundisha kazi sote wawili. Kaka akarithi karakana. Mimi nikarithi mashine ya kusaga krenki kwa sababu hakuna aliyeitaka. Wateja wananiita Mama Krenki, na wengine wanadhani ndilo jina langu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemuuliza. Nilisubiri siku mbili nipoe, sikupoa, nikamuuliza hivyohivyo. Alikuwa anakula, wifi yupo.

Hakukana. Ndilo lililoniudhi. Kasema, mdogo wangu, nikimwambia Injinia wazo ni la dada yangu msaga krenki, ataleta injini yake hapa? Acha iingie kwanza, mambo ya jina baadaye. Wifi akaniongezea chai. Wifi huongeza chai kila mumewe anapokosea, ndiyo maana nyumba ile nanywa chai nyingi sana.

Injinia analeta injini mbili, silinda mojamoja, zile za petroli ya kuchanganywa na oili. Moja inabaki ilivyo. Moja tunaibadilisha. Jumamosi ya tarehe 22 anakuja kuzipima uani kwetu. Yetu ikishinda, kiwanda kinatupa kazi ya kubadilisha zote watakazotoa. Ikishindwa, kaka hakusema.

Sasa anataka mchoro wangu. "Na uchore kutoka upande wa puli," kaagiza. "Kiwandani ndivyo wanavyochora."

Huo ni ugomvi wa zamani. Baba alituzoesha kuitazama injini kutoka upande wa flaiwili, lile gurudumu zito, maana hapo ndipo mtu anaposimama akiiwasha. Kulia na kushoto kwa karakana yetu kunaanzia hapo. Kaka akaenda kozi ya wiki nane, akarudi anaitazama kutoka upande wa pili, kwenye puli ya mkanda. Akatangaza wote tugeuke. Hakuna aliyegeuka, mimi wa kwanza. Yeye mwenyewe akighafilika husema kushoto kwa baba. Cheche, fundi wetu wa kuchomelea, anasema karakana hii ina kushoto mbili na kulia mbili, asiyetaka hasara aje na chaki yake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechora.

Mara ya kwanza mkono ulikwenda wenyewe kwenye flaiwili. Nikafuta. Mara ya pili nikaanza vizuri, katikati nikajikuta nimerudi kwa baba. Nikafuta tena. Si jambo dogo. Ukitazama upande huu, silinda inasogea kushoto. Ukitazama upande ule, inasogea kulia. Milimita ni saba zilezile, lakini zikienda siko, zinafanya kinyume kabisa: konrodi inalala zaidi, pistoni inasukumwa ukutani kwa nguvu zote za moto.

Mara ya tatu nimechora kutoka upande wa puli, kama alivyotaka bwana mkubwa. Tangu atoke kozi ndiyo mara ya kwanza namtii. Huwa naandika pembeni mchoro unatazamwa kutoka wapi. Huu sikuandika. Kaagiza mwenyewe, nimkumbushe maneno yake mimi kama nani?

Chini nikaweka jina langu, kwa penseli. Saa kumi nimeuona mchoro mezani kwake. Penseli imefutwa, jina lake limewekwa kwa wino. Kafuta kwa ufundi, lazima nimsifu. Karatasi haikuchubuka hata kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Kaka anachonga bamba — lile la alumini la kukaa kati ya krenkikesi, kasha la krenki, na silinda, ndilo litakaloisogeza silinda kando. Anachonga peke yake. Kaweka turubai kuzunguka lezi yake ya kuchongea, eti chuma kinaruka. Miaka ishirini chuma kimeruka bila turubai.

Kazi yangu niliyopewa: kuisaga krenki na kuisawazisha. Nimeisaga. Ndogo, nzuri, inateleza kidoleni. Nikipewa kazi ndogo sifanyi kidogo. Hilo baba alinitia kichwani, na kaka analitumia.

Cheche kaniambia leo, anacheka, kwamba kaka jana alisimama dirishani na mchoro wangu kaubandika kwenye kioo, anausoma kwa nyuma. Labda anatafuta mwanga, nilisema. Cheche akasema labda anatafuta jina lako, aone kama limefutika vizuri. Tukacheka mpaka kaka akachungulia kutoka nyuma ya turubai lake. Nikarudi kwenye mashine. Kucheka kumenisaidia kama nusu saa.

Jumatatu, 17 Machi

Krenkikesi imekatwa mdomo, konrodi ipate nafasi upande inakoegemea. Sikuruhusiwa kuona. Chuma kikishakatwa hakirudi, nikamwambia kaka, umepima mara mbili? Akasema amepima mara tatu. Kisha akaongeza, bila kunitazama, kwamba mchoro ulikuwa mzuri.

Nimefurahi. Naandika hili kwa aibu. Neno moja tu, na mimi nimefurahi kama mtoto aliyepewa peremende.

Jumamosi, 22 Machi

Niandike taratibu, kwa mpangilio.

Injinia alifika saa tatu na kipima mzunguko chake. Kaka alikuwa na ovaroli mpya. Wifi kapanga viti. Majirani wamejaa ukutani, mafundi wa karakana ya jirani pia, wale wasiotusalimia. Tumefunga mkanda wa breki kuzunguka flaiwili na ncha yake kwenye mizani ya ndoano. Injini ikizunguka, mkanda unavuta mizani. Mzunguko ukiwa uleule, anayevuta kilo nyingi ndiye mwenye nguvu. Hata asiyejua chuma anaelewa.

Injini ya kawaida: kilo nne na nusu. Injinia akaandika.

Kisha yetu. Kaka akazungusha kamba kwenye flaiwili, akavuta. Ikawaka mara ya pili. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu nimeshaisikia. Ile sauti naijua — tak, tak, tak — pistoni inagonga ukuta. Kilo tatu na robo. Injinia akamwambia aongeze mafuta. Tatu. Mbili na nusu. Moshi wa bluu, harufu ya oili inayoungua, halafu injini ikaguta na kusimama ghafla. Flaiwili haizunguki hata kwa mikono miwili. Imekwama.

Mmoja wa mafundi wa jirani akakohoa, kikohozi cha mtu asiyeumwa.

Injinia ni mtu wa adabu. Akasema majaribio ndivyo yalivyo. Akauliza tu, kwa upole, kosa linaweza kuwa wapi.

Na kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja, akasema: "Mimi nimechonga kama mchoro ulivyo. Mchoro ni wa dada yangu. Wazo lote ni lake, toka mwanzo."

Wote wakanigeukia. Wiki tatu nimelilia jina langu, basi ndilo hilo nimepewa! Injinia akachomoa moja ya kalamu zake tatu, akaniomba nimtajie jina langu kamili. Nikataja. Akaniuliza linaandikwaje. Nikamwandikisha herufi moja moja, mbele ya watu wote, huku injini inafuka nyuma yangu.

Alhamisi anarudi kuchukua injini zote mbili. Anataka pia maelezo yangu, kwa maandishi, kwa nini wazo halikufaa.

Kwa nini wazo halikufaa. Kaniuliza mimi.

Jumapili, 23 Machi

Nimeifungua. Karakana imefungwa, lakini mashine ya baba ni yangu na ufunguo ninao.

Pistoni imechubuka upande mmoja, tangu juu hadi chini. Upande mwingine inang'aa, haijaguswa. Nikaupima mfumo mzima kwa rula. Milimita saba kamili, hakuna wa kumlaumu kwa kipimo. Ila zimekwenda upande mwingine. Bamba limegeuzwa. Na mdomo wa krenkikesi umekatwa kulifuata.

Nikamfuata kaka nyumbani, pistoni mkononi, oili inadondoka hadi sebuleni kwake. Nikaiweka mezani. Akapitisha kidole upande uliochubuka. Mafundi hatuhitaji maneno mengi.

"Umegeuza mchoro wangu," nikasema.

"Nimeusahihisha. Wewe unachora kutoka flaiwili."

"Uliniambia nichore kutoka puli."

"Kila siku nakwambia. Lini umenisikia?"

"Safari hii."

Akakaa. Akaniuliza kwa nini sikuandika pembeni. Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza. Basi ndivyo ilivyokuwa, naandika nisisahau: yeye hakuuliza kwa sababu fundi mkuu haulizi. Mimi sikuandika kwa sababu nilikuwa na kinyongo. Pistoni ikaungua kati yetu.

Lakini hesabu haiko sawa. Mimi sikumfuta yeye.

Baadaye akasema, sauti ya chini, tuache kama lilivyo. Mchoro ukikosewa watu husamehe, watasema mwanamke alijaribu. Fundi asiyejua kusoma mchoro, nani atamletea injini? Watu saba wanakula kwenye karakana ile, mimi mmojawapo. Alhamisi niandike kwamba wazo lilikuwa na kasoro, yaishe. Alisema "yaishe" kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

Nikaondoka. Pistoni nimeiacha palepale kwenye kitambaa cha meza.

Jumatatu, 24 Machi

Wifi kaja chumbani kwangu, safari hii bila chai. Kasema kaka hajala. Kasema damu ni nzito kuliko maji. Nikamwambia, wifi, damu nzito ni yangu tu? Yake yeye ni maji?

Kanitazama. Kasema mchoro ule aliuona kabla haujafutwa jina, na hakusema kitu. Halafu kalia. Sikumbembeleza. Roho yangu imekuwa ngumu, naiona, siipendi.

Nimeanza maelezo ya Injinia. "Wazo langu lilikuwa na kasoro." Mstari mmoja, nikachana. Nikaandika mwingine: "Kaka yangu alikosea." Nao nikauchana.

Jumanne, 25 Machi

Asubuhi nilikuwa nasaga krenki ya mteja, akili haipo. Ghafla nikazima mashine.

Bamba haligeuziki, njia za hewa hazitalingana, na krenkikesi imeshakatwa. Sawa. Siwezi kuipeleka silinda upande inakotakiwa. Lakini naweza kuigeuza safari yenyewe! Injini hizi za oili na petroli hazina vali. Matundu yake ni ya kawaida tu, hayajui mbele wala nyuma. Ukiiwasha kinyume, inazunguka kinyume, bila ubishi. Na ikizunguka kinyume, milimita saba zilizokosewa zinakuwa zimekaa panapotakiwa. Zilezile. Kosa la kaka linakuwa mchoro wangu.

Pampu haitafaa kuvuta maji hivyo, najua. Lakini mizani ya ndoano haina habari na maji.

Nilikaa chini. Cheche kaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimepona.

Jumatano, 26 Machi

Pistoni na ringi nimezitoa kwenye ile injini ya kawaida. Silinda nimeikwangua mikwaruzo, imebaki mmoja mdogo, hautazuia. Platini, zinazoipa plagi umeme, nimezisogeza ili iwake mapema kwa mzunguko wa kinyume. Cheche kanishikia, hakuuliza. Kaka kapita mara mbili na uso wake wa matanga, anadhani nafunga injini ili Injinia aichukue.

Sijaiwasha. Imeshakwama mara moja, na ule mkwaruzo siuamini sana. Kama ina pumzi moja tu, iitoe mbele ya mwenye mizani.

Nimejiuliza siku nzima nataka nini. Haki, nilidhani. Lakini ikivuta kilo tano kesho, kila mtu atauliza kwa nini imezungushwa kinyume, na jibu ni moja. Mafundi wa jirani watakuwa ukutani tena. Kaka ana miaka hamsini na sita. Hajui kazi nyingine.

Na nisipoiwasha, nimezikwa mimi, na jina limeandikwa vizuri, herufi moja moja.

Namchukia kwa kunipa hii ya kuchagua.

Alhamisi, 27 Machi

Saa tano. Niko uani, juu ya kreti, mbele ya injini. Daftari hili nimelileta kwa ajili ya namba za mizani, sina jingine.

Injinia kafika mapema. Kauliza maelezo yangu ya maandishi. Nikamwambia sikuandika, nitamwonyesha. Kafurahi, kavuta kiti. Mkanda umefungwa, mizani inaning'inia kwenye ncha ya pili safari hii. Cheche kasimama mlangoni. Ukutani wameanza kuja, mmoja mmoja.

Nikaizungusha kamba kwenye flaiwili. Kinyume. Mizunguko minne.

Hapo ndipo kaka akatoka ofisini. Akaitazama kamba. Sikuhitaji kumweleza. Nimeona uso wake unaelewa, kwanza injini, kisha mchoro, kisha watu wa ukutani. Injinia yeye bado, anafungua kipima mzunguko chake kwenye mkebe.

Nilitegemea agombe. Nilijiandaa kwa ugomvi, maneno nimeyapanga. Badala yake kaja, kachuchumaa, kaingiza kidole kwenye platini. Kasema kwa sauti ya kazini, ile tu, kwamba zimekaa nyuma kidogo, nizisogeze unywele mmoja. Nikazisogeza. Alikuwa sahihi. Sijui kwa nini hilo limeniuma kuliko yote.

Kisha akaja kusimama huku, upande wa flaiwili, karibu yangu. Hajasimama huku tangu kozi.

Injinia kashika kalamu. Kauliza nani kati yetu atavuta.

Kamba iko mkono wangu wa kushoto. Kaka kanyoosha mkono wake, kiganja juu, anaiomba. Hajasema kama anaitaka aivute au aifungue. Nimemtazama, hanitazami, anatazama injini. Kidole chake kina oili.

Injinia kauliza tena. Naandika ili nisijibu. Kaka bado kanyoosha mkono, naweka kalamu chini.